Mtani Hasemewi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Novemba mwaka jana tulimzika Kalunde kwao Bukene. Tulikuwa marafiki tangu tukiwa wasichana wa chuo, na kwa kuondoka kwake nimepoteza mtu wa mwisho aliyekuwa akiniita Nyamizi tu, bila kutanguliza mwalimu wala bibi. Matanga yalikuwa ya heshima na ya kimya. Vijana walikodi turubai na viti vya plastiki, mchungaji alisema vizuri, chakula kilitosha. Lakini hakuna mtani aliyesimama kumwigiza marehemu: jinsi alivyotembea kama anayefukuzwa, jinsi alivyocheka mpaka akashika ukuta. Mjukuu wake mmoja aliniuliza kwa nini natazamatazama njiani. Nikamwambia nimezoea misiba yetu kuingiliwa na watu wa kuitukana. Akadhani jua limenichosha, akaniletea maji. Sikusema kitu siku ile. Mimi si msemaji, na elimu yangu iliishia kwenye cheti cha ualimu na mwandiko mzuri wa ubaoni. Kwa hiyo nitaandika, tena habari za mwaka mmoja tu, ule wa likizo yetu ya kutafuta kazi.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Tulikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu pale Tabora, na likizo ndefu ilipofika, katikati ya kiangazi, mabweni yalifungwa. Siku chache kabla ya kufungwa, dereva wa lori la pamba aliniletea maneno ya mama yangu kutoka upande wa Igunga. Nisiende nyumbani. Nyumba ya zamani ilikuwa imeezuliwa, na katika kijiji kipya walikuwa wanalala chini ya matawi huku wakijenga. Tena wanafunzi waliofika pale walikuwa wameshikwa hapo hapo wafundishe kisomo cha watu wazima, na mwenyekiti hataki kuwaachia. Dereva alinieleza kama alivyoelezwa, macho kayaweka kwenye tairi: akija atabaki, na chuo atakisikia kwa watu. Kalunde yeye angeweza kwenda kwao, maana treni ya Mwanza inasimama Bukene na nyumba ya baba yake ilikuwa bado imesimama. Alisema anabaki mjini afanye kazi apate kanga mpya. Nilimwamini. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba sikuwahi kuiona kanga hiyo.

Tulikaa Ng'ambo kwa Mama Zaina, mjane wa Kimanyema aliyekuwa akipika vitumbua kabla sukari haijaadimika. Alitupa chumba cha uani. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, magunia mawili ya mkaa, na cherehani bovu lililofunikwa shuka kama mgonjwa. Ukiamka unakuta vumbi la mkaa puani. Ukuta wa kati ulikuwa wa udongo na haukufika darini, kwa hiyo tulisikia kila kitu kilichosemwa upande wa pili, na Mama Zaina alijua kuwa tunasikia. Jioni alikaa na jirani yake wakichambua mchele wenye mawe, naye aliuliza, kwa sauti ya kutufikia, hivi hawa wamesoma nini huko chuoni ikiwa hata ufagio hawapewi. Jirani alijibu kwamba wamesoma kula. Wakacheka. Kisha alituita tuje tule. Mwaka ule mvua ilikuwa imekosekana, na unga wa duka la ushirika ulikuwa ule wa njano uliotoka ng'ambo ya bahari, wenye harufu ya gunia. Mama Zaina aliusonga akiusema vibaya tangu maji yanachemka mpaka ugali unaiva. Asubuhi tulikula matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, na karanga za kuponda. Mpaka leo, ukitaka kunirudisha kwenye chumba kile, nipe matobolwa ya moto.

Jozi ya viatu vya kuendea ofisini tulikuwa nayo moja. Vilikuwa vya Kalunde, vyeusi, vya kufunga kamba, na miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu, hivyo mimi nilivijaza makaratasi mbele. Hatukuweza kutafuta kazi siku moja. Leo anatoka yeye, kesho natoka mimi, na anayebaki anachota maji na kusikiliza maneno ya Mama Zaina. Jioni aliyetoka alivua viatu mlangoni akasimulia. Kwenye ofisi ya kazi kulikuwa na benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa, na karani alisema njoo Jumatatu, na Jumatatu akasema ile nyingine. Reli walimwambia Kalunde kwamba kwa kufagia amesoma mno, na kwa kuandika hajasoma vya kutosha. Alirudi akiuliza kama kuna chuo cha kupunguza elimu, maana angejiunga kesho yake. Hospitali waliniuliza kama naogopa damu. Nikasema ukweli, naogopa. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mtaa wa sokoni, alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha rafu zake kwa mkono. Kulikuwa na viberiti, dawa ya viatu, na robota moja la kitambaa cha bendera. Akasema, "Binti, mimi mwenyewe nakuja hapa kufungua mlango tu, mke wangu asinione nimekaa nyumbani." Akanipa kikombe cha chai isiyo na sukari na kiti cha kunywea. Katika likizo yote ile, hiyo ndiyo ofisi niliyotoka nimenyooka mgongo.

Wiki ya tatu tulisikia sauti ya mwanaume upande wa pili wa ukuta. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mfupi, mtulivu, mzaliwa wa upande wa Isikizya. Alimwamkia Mama Zaina vizuri, akauliza hali ya magoti yake, ndipo akaingia kwenye lililomleta. Mjini hapatakiwi wazururaji. Kila mgeni asiye na kazi apelekwe kijijini kwao akazalishe mali. Lori litaondoka Jumatatu, si hii inayokuja bali ile ya pili, na Jumapili ya kuamkia siku hiyo atapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kazi na nani hana. Mama Zaina akasema wale ni wanafunzi wa serikali. Balozi akajibu kwa upole kwamba likizo ni likizo, na kijiji ni cha serikali vilevile. Alipoondoka, Kalunde alikuwa kitandani ameshika miguu yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Lori lile, kama alivyosema balozi, lilikuwa linakwenda Igunga, si Bukene. Mimi ndiye ambaye lingenichukua, na sote wawili tulijua kwamba nikipanda, mwaka wa pili chuoni utaanza bila mimi.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya viatu. Nilikwenda mpaka ghala la asali karibu na stesheni, mahali ambapo warina asali wa porini walileta madebe yao. Ulilijua kwa harufu kabla hujaliona, harufu ya nta na moshi, na nyuki waliofuata asali yao mjini wakizunguka mlangoni kama wadai. Nje kulikuwa na mstari wa baiskeli, kila moja na madebe mawili yamefungwa kwa kamba za magome. Ndani, nyuma ya meza, alikaa mwanaume mwembamba ndani ya koti la khaki lililomzidi, anachovya kijiti katika kila debe, anaonja, anatema. Wenye asali walimwita Bwana Kondo. Aliniuliza jina, nikamwambia Nyamizi. Akauliza wa wapi, nikasema wa huku huku, baba. Akaweka kijiti chini, akanitazama kama mtu aliyeletewa chakula.

"Mnyamwezi," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na mstari wote. "Babu zenu walibeba pembe za watu mpaka pwani kwetu, wakafika wakaona bahari, wakauliza nani ameimwaga. Leo mjukuu anataka kazi ya kivulini. Hapa hatuajiri punda aliyesoma. Ukitaka mzigo, njoo kesho asubuhi na kamba yako, na kata ya kichwani, nikupime mgongo."

Warina asali walicheka. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na matobolwa mawili tumboni, na watu wengi walikuwa wamekwisha kuniambia hapana kwa adabu. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia kwa matusi. Nikapiga goti kama nilivyolelewa, nikasema ahsante baba, nikaondoka. Nakumbuka kicheko kilikatika nyuma yangu, na nikafikiri angalau wameona aibu. Kwetu nyumbani hatukuwa watu wa mizaha. Utani niliujua kama jambo la wazee, jambo la msibani, na haikunijia kabisa kwamba mtu wa serikali nyuma ya meza anaweza kuwa Mzaramo, kwamba Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani akikwambia njoo kesho na kamba, maana yake ni njoo kesho. Jioni nilimwambia Kalunde nimezunguka na sikupata kitu. Ghala sikulitaja, kwa haya.

Siku ya Ijumaa, tuliyokuwa tumebadilishana zamu, Kalunde alirudi akinukia asali. Aliingia uani akiimba, akamnusisha Mama Zaina viganja vyake, akasema amepata kazi kwa Mzaramo mmoja asiye na haya. Alikuwa amefika, akatukanwa ukoo mzima, naye akamjibu, wakajibizana mpaka nyuki wakachoka, na mwisho mtu yule akamkabidhi upawa, akamwambia achuje. Kisha akaongeza, akifungua kamba za viatu, kwamba yule bwana ana kisa chake. Jumatatu alimpa kazi msichana mmoja wa Kinyamwezi, na msichana badala ya kumtukana akampigia goti. Mtani kupigiwa goti! Siku nzima alijihisi vibaya, akafikiri labda anakufa na watu wa huku wamekwisha kuambiwa. Alimngoja yule msichana Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Hakurudi, ndipo nafasi ikawa wazi. Kalunde alikuwa akicheka mpaka ameshika ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia la mkaa. Nikamwambia msichana huyo ni mimi. Alicheka kidogo zaidi, kwa sababu kicheko kikishaanza hakisimami mara moja, kisha nikaona uso wake unabadilika. Nafasi ilikuwa moja. Alikuwa nayo yeye, ambaye lori halikumhusu.

Kesho yake Kalunde hakukubali nibaki. Tulikwenda wote, yeye na viatu, mimi na makatambuga ya Mama Zaina. Mstari wa baiskeli ulikuwa mrefu kuliko ule wa Jumatatu. Bwana Kondo aliniona, na magoti yangu, kwa mazoea yao, yakakunjika. Nikasema shikamoo. Akawageukia warina asali. "Mnaona? Amekuja kuniaga tena." Kalunde akaruka mbele. Akanyakua upawa mezani, akautia kwapani, akatangaza kwamba hautatoka mpaka mwenzake apewe nafasi yake, na kwamba Wazaramo wanajulikana kwa kutoa kitu kwa mkono mmoja na kukirudisha kwa mwingine. Alikuwa anaendelea vizuri. Bwana Kondo alimsikiliza kwa raha, halafu akainua kidole.

"Wewe nyamaza. Mtani hasemewi. Ana mdomo wake."

Warina asali wakanigeukia. Naweza kusema sasa kwamba alikuwa ananisaidia, maana alikuwa akinipa nafasi ya kulifuta goti langu mbele ya wale walioliona. Wakati ule nilihisi kama nimeitwa ubaoni na hesabu siijui. Sikuwahi kumtukana mtu mzima. Macho yangu yalikuwa usawa wa koti lake, koti refu, mikono yake imevifunika vidole, na nikaanza kusema nilichokuwa nakiona.

"Jumatatu nilipiga goti kwa sababu nilidhani nimeingia msibani," nikasema. "Nilikuta maiti amekalishwa kitini, kavishwa koti la ndugu yake, anaonja asali. Nikaenda kutafuta jembe. Leo nimerudi kuzika."

Nilisema kwa sauti ndogo sana, kiasi kwamba ni mzee wa mbele tu aliyesikia. Akamgeukia wa nyuma yake akamwambia kwa Kinyamwezi, na yule akamwambia wa nyuma yake, na hivyo kicheko kilitoka mlangoni, kikaenda polepole kando ya baiskeli, kila mtu akicheka kwa zamu yake, mpaka kikafika kwa watu wa mwisho waliokuwa juani na wasioniona. Bwana Kondo alikuwa ameinamisha kichwa mezani. Alipokiinua alijifuta macho kwa mkono wa koti, akasema marahaba, akijibu ile shikamoo. Lakini nafasi, akaendelea, na hapo sauti ilikuwa ya kazi, ilikuwa moja. Wakubwa wake walikuwa wamekubali mtu mmoja. Kalunde akasema basi ni ya Nyamizi, ndiye aliyetangulia. Nikasema ni ya Kalunde, ndiye aliyeanza. Bwana Kondo akatuambia tuingie tuchuje, maana asali haingoji. Siku ile tulikamua masega mpaka mikono ikawa myepesi na laini kama ya watoto. Mchana tulikula viazi vya kuchemsha tukichovya kwenye masalio ya upawa. Katikati ya kula nilimweleza Bwana Kondo habari za balozi na lori. Hakutania. Aliuliza nyumba iko upande gani wa msikiti.

Balozi alifika Jumapili baada ya swala ya alasiri. Mama Zaina alimpa kiti uani, na sisi tukakaa kwenye mkeka. Akauliza nani ana kazi. Kalunde akasema Nyamizi anayo. Mimi nikasema Kalunde anayo. Akauliza tena, taratibu zaidi, na majibu yakawa yale yale. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kinyongo, lakini alikuwa na nyumba nyingine za kupita. Akasema hana haja ya kujua urafiki wetu, anataka kujua kazi. Mwenye kazi abaki, mwingine kesho asubuhi awe kwenye ofisi ya chama na mzigo wake. Ndipo baiskeli ilipoegemezwa ukutani nje, na Bwana Kondo akaingia na koti lake, siku ya Jumapili, jua lile. Alimwamkia Mama Zaina, akamtazama balozi.

"Ndugu balozi, wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Mnyamwezi."

"Nilijua. Basi utaelewa. Nimeambiwa niajiri mtu mmoja. Na Mnyamwezi mmoja ni nusu mtu, hata kwenu mnajua. Ikabidi nichukue wawili, nipate mmoja kamili. Posho ni moja, watagawana wenyewe. Sasa ukinichukulia huyu, ghala la serikali litabaki na nusu mfanyakazi. Nitaandika nini?"

Mama Zaina alijifunika uso kwa kanga. Balozi hakucheka. Alikuwa na wajibu wake. Lakini alikuwa ametukanwa na mtani mbele ya wanawake, na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye uliyejiaibisha, na habari itafika kwenu kabla yako. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ni kujibu. Nikaona pembe ya mdomo wake inapanda.

"Na wewe Mzaramo," akasema, "ulipoajiriwa ulikuwa robo ya nani?"

Wakashikana mikono. Balozi akasimama, akasema akimwona yeyote kati yetu anazurura mchana atatupeleka kulima wote watatu. Bwana Kondo akasema yeye yuko tayari, ila abebwe. Mama Zaina akaleta karanga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na ndugu wawili wa kike waliokuwa wakitafuta kazi kama sisi, na hawakuwa na mtu wa kuja na baiskeli kuwatukana. Siwezi kukumbuka Jumapili ile bila kuwakumbuka. Usiku Kalunde alinitaka nirudie maneno ya maiti na jembe, nikarudia, na Mama Zaina akagonga ukuta akasema turudie kwa sauti, hakusikia vizuri.

Jumatatu asubuhi tulitoka kukiwa na baridi. Lori lilikuwa limesimama mbele ya ofisi ya chama, injini inaunguruma, na wale ndugu wawili walikuwa wamekwisha kupanda, wamejifunika shuka moja. Balozi alikuwa pembeni. Alituona, akauliza tunakwenda wapi. Nilimngoja Kalunde ajibu. Kalunde alitazama upande wa pili wa barabara, akabana midomo, akangoja. Nikamwambia balozi tunakwenda kazini. Akasema haya, tukapita.